Kilichobaki kwenye ncha ya pipeti

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, halafu kufika saa nne jua kali, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kampala ina tabia hiyo. Mimi sina. Kikinitokea kitu, huonekana usoni mpaka wiki iishe.

Nimerudi nyumbani Kamwokya, nimevua viatu, jirani amefungulia redio yake kwa ajili ya mtaa mzima kama kawaida, nami nimekaa mbele ya kompyuta. Mke wangu Jerusha ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimejibu hapana mara mbili. Sasa anapita pita nyuma yangu bila shughuli yoyote, basi ni afadhali niandike.

Leo nilikaribia kuweka sahihi kwenye namba ya uongo.

Wasomaji wangu ni wachache, nawajua karibu wote, na wawili kati yenu ni shemeji zangu. Lakini nieleze tena kwa aliyepotea njia akafika hapa. Mimi ni Mkenya wa Bungoma, fundi wa maabara, umri miaka hamsini na mitatu, na kumi na tisa ya hiyo nimeilia hapa Kampala. Maabara yetu ni ndogo, na silitaji jina lake kwa sababu nataka kurudi kazini kesho. Tunatengeneza dawa ya sumu ya nyoka. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijifunze kupambana nayo. Sisi tunachukua protini ya kinga kutoka kwenye damu hiyo, tunaisafisha, tunaikoleza, inaingia chupani, inapanda gari kwenda Gulu na hospitali nyingine za kaskazini.

Kazi yangu ni swali moja tu: imekolea kiasi gani? Sheria yetu inataka iwe kati ya miligramu sitini na sabini na tano za protini katika kila mililita. Ikiwa nyepesi, aliyeumwa na nyoka hapati kinga ya kutosha. Ikizidi, anapata protini ya farasi kuliko anayoihitaji, na mwili wa binadamu haujazoea kumkaribisha farasi. Ngozi huvimba. Koo hubana. Mtu aliyenusurika kwa nyoka anaweza kuponzwa na sisi.

Tunapima kwa mwanga. Protini humeza mwanga wa urujuanimno, ule ambao jicho haliuoni, na ikiwa nyingi humeza zaidi. Shida ni kwamba dawa yetu ni nzito mno. Ukiitia kwenye kikombe cha kawaida, ambacho mwanga husafiri ndani yake sentimita nzima, inaumeza wote na mashine inabaki gizani. Ndiyo maana tangu zamani tunaizimua kwanza. Unachukua kiasi kidogo kwa pipeti, kile kibomba cha kuvutia kioevu, unakitia kwenye maji ya chumvi, unazimua mara kumi, halafu mara kumi tena. Unapima kile chepesi, unazidisha kwa mia.

Na kuzimua ndiko kulikonipa jina. Pale kazini wananiita Mkono wa Umeme. Navuta, naachia, nabadilisha ncha ya plastiki, navuta tena, na wageni wakija huletwa mezani kwangu kunitazama kama sokwe wa bustani ya wanyama ya Entebbe. Sifa ni kitu cha hatari kumpa mtu mzima mwenye kitambi. Ataikumbatia kuliko mkoba wake.

Sasa wiki mbili zilizopita tuliletewa mashine mpya. Hii haitaki dawa izimuliwe. Unaitia vile vile ilivyo, nzito, kwenye kikombe kidogo, na uzi wa kioo unashuka ndani yake. Mwanga unatoka kwenye ncha ya uzi, unapita kwenye dawa, unapokelewa na jicho lililo chini. Halafu uzi unasogea, hatua kwa hatua, na umbali wa kusafiri kwa mwanga unabadilika. Ni umbali mdogo sana, mwingine mwembamba kuliko unywele, hivyo hata dawa nzito haiwahi kuumeza mwanga wote. Kila hatua inaweka nukta kwenye skrini. Nukta zinajipanga kuwa mstari. Dawa ikiwa imekolea zaidi, mstari unapanda kwa ukali zaidi, na kutokana na mwinuko huo mashine inakupa ukolezi. Hakuna pipeti ya kupimia. Hakuna mkono.

Mnaelewa kwa nini sikuipenda. Niliibatiza Bibi Harusi, kwa sababu kila mtu alikuja kuitazama na yenyewe haikufanya kazi yoyote.

Leo ilifanya.

Asubuhi nilipima toleo jipya la dawa kwa mkono wangu. Sitini na nane. Namba nzuri, imetulia katikati kama mama mkwe kwenye kochi. Mwenzangu Nakato, mchunguzi wa meza ya pili, akapima sampuli ile ile kwa Bibi Harusi. Nakato nilimfundisha mimi mwenyewe tangu siku ya kwanza alipovaa koti jeupe. Ni Muganda, ana utulivu kama wa kanisani, na huniita Mzee wange, yaani mzee wangu, hata anaponikataza kula mandazi maabara.

Akaja mezani kwangu, akasimama kwanza.

"Mzee wange, mashine inasema sabini na nane."

Nikacheka. Kweli nilicheka. Nikamwambia kwamba Bibi Harusi hajui kuhesabu, apime tena. Akapima. Sabini na nane. Nikaenda mwenyewe, nikaosha kikombe, nikaweka sampuli mpya. Nukta zikapanda moja baada ya nyingine, zimenyooka kana kwamba zimepigiwa rula. Sabini na nane.

Sitini na nane, dawa inakwenda. Sabini na nane, haiendi. Na saa nane mchana watu wa kujaza chupa walikuwa wanaanza kazi. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma, kwa sababu chupa ikishazibwa haizibuliwi, inamwagwa. Damu ya farasi ya miezi mingi ingeishia kwenye sinki.

Cha kwanza nililaumu meza. Ni meza ya chuma tuliyochomelewa na mafundi wa Katwe ili mashine isitikisike jenereta ikiwaka. Nilipiga magoti, kwa hiki kitambi, nikakagua miguu yake minne. Haikutikisika hata kidogo. Mafundi wa Katwe, popote mlipo, naomba radhi kwa niliyowaza.

Cha pili nililaumu umeme. Umeme leo ulikuwa na adabu.

Cha tatu nikachukua protini ya kipimo, ile tunayonunua ikiwa imeandikwa ukolezi wake kwenye chupa. Nikaizimua na kuipima kwa njia yangu, Nakato akaipima kwa mashine bila kuizimua. Tukapata namba moja, ile ile ya kwenye chupa. Yaani mimi niko sawa na mashine iko sawa, na bado kwenye dawa yetu tunagombana kwa miligramu kumi. Hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho.

Saa sita na nusu mkubwa wetu, Daktari Akello, akaingia. Baba yake alikuwa askari, yeye amekulia kwenye kambi za jeshi, na Kiswahili chake ni cha huko huko kambini, kinakwenda moja kwa moja kama bomba la maji. Nikamweleza. Akatazama karatasi yangu, akatazama skrini.

"Mzee, wewe mimi nakujua. Hii mashine ni mgeni, mimi sijui yeye. Gari ya Gulu natoka kesho asubuhi. Kama wewe nasema sitini na nane, weka sahihi tujaze."

Akanipiga bega, akaondoka. Ninyi hamjui uzito wa mkono ule. Ni mtu asiyemsifu mtu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nakato akaenda kula. Nikabaki peke yangu na sampuli.

Sijui ni nini kilichonipeleka kwenye mizani. Nadhani ni uji. Asubuhi Jerusha alinipakulia uji wa wimbi, ule mzito anaoupenda yeye, na upawa ulipotoka sufuriani nusu ya uji ilikuwa bado imeushika. Alilazimika kungoja, kukung'uta, kungoja tena. Nikakumbuka hilo huku nikiitazama ncha ya pipeti yangu dhidi ya dirisha.

Ndani yake mlikuwa na utando. Mwembamba, unang'aa, umeshikilia plastiki.

Nikaweka kikombe kitupu kwenye mizani, nikavuta mikrolita mia moja za dawa kwa mkono wangu wa sifa, nikaziachia. Kwa uzito wa dawa yetu, mizani ilipaswa kusoma miligramu mia moja na mbili. Ilisoma themanini na tisa.

Nikarudia. Themanini na tisa.

Nikarudia polepole, kama ninavyomfundisha mgeni: vuta, ngoja kioevu kipande, achia, ngoja kishuke. Mia moja na mbili.

Basi ndiyo hivyo. Mwaka jana tulianza kuikoleza dawa zaidi ili itoshe kwenye chupa ndogo. Kabla ya hapo ilikuwa nyepesi kama maji na mkono wangu ulikuwa sahihi. Dawa ilibadilika. Mkono haukubadilika. Ulikuwa na haraka yake ile ile, unatoka kabla dawa nzito haijapanda yote, unaondoka kabla haijashuka yote. Kila mara nikidhani nimechukua mia, nilichukua pungufu, na namba yangu ikatoka ndogo kuliko dawa ilivyo. Ile protini ya kipimo ni nyepesi, ndiyo maana haikuniumbua.

Nikafuta mizani kwa kitambaa.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kwamba nilitoka mbio kwenda ofisini kwa daktari. Sikutoka. Nilizima mizani, nikatupa ncha zote tatu kwenye ndoo ya taka, nikanawa mikono, nikaenda kantini. Nikala matoke na maharage. Mtu aliyekaa mbele yangu alinisimulia habari ya shamba lake na nikaitikia mahali panapofaa. Nilikula sahani yote.

Dakika ishirini. Nilikuwa najua, na nilikuwa natafuna.

Nilikuwa nawaza nini? Nitakuwa mkweli. Niliwaza kwamba sabini na nane si mbali sana na sabini na tano. Niliwaza kwamba watu wa hospitali huwa waangalifu. Niliwaza mkono wa Daktari Akello kwenye bega langu. Niliwaza matoleo manne yaliyotoka tangu mwaka jana, yote yakiwa na sahihi yangu, na nikaona kwamba nikisema la leo, nimesema na yale. Na niliwaza, hili ni dogo lakini lilikuwepo, kwamba hakuna mtu atakayemleta mgeni tena kunitazama.

Nilirudi maabara saa saba na dakika kumi. Fomu ilikuwa mezani kwangu, imepangwa vizuri, kalamu juu yake. Mstari wa kwanza, "Aliyepima", ulikuwa mtupu unaningoja. Mstari wa pili, "Aliyehakiki", ulikuwa umejazwa. Jina la Nakato, sahihi yake ya duara, tarehe.

Alikuwa amehakiki namba ambayo mimi mwenyewe sijaithibitisha.

Si kosa lake. Ndivyo tunavyofanya. Ndivyo nilivyomzoesha. Sheria inasema mtu wa pili atazame kazi ya wa kwanza, lakini nani anamkagua Mzee? Wanaweka sahihi mapema ili nisisumbuke kumtafuta mtu, ni heshima, kama kumvutia mtu kiti. Nimeipokea heshima hiyo miaka yote bila kuona haya. Nikapekua faili. Matoleo manne, na kote chini ya jina langu jina lake.

Kama kungekuwa na mtu aliyebanwa koo huko Gulu, wangetafuta majina mawili.

Nikamwita. Nikamwonyesha mizani. Nikavuta kwa haraka yangu, themanini na tisa. Nikavuta polepole, mia moja na mbili. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Uliona?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Niliona kitu kinabaki kwa ncha. Siku mingi."

"Na hukuniambia?"

"Bambi, samahani, Mzee wange. Ni wewe ulinifundisha. Nilifikiri labda wewe unajua kwa nini."

Alikuwa ameniamini kuliko macho yake.

Tukaenda pamoja kwa Daktari Akello. Ilikuwa saa saba na nusu. Kwenye ukumbi tukawapita watu wa kujaza, tayari wamevaa nguo zao nyeupe kuanzia kichwani mpaka viatuni, macho tu yanaonekana. Mmoja akanionyesha dole gumba. Nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote bila kukaa. Nikasema namba yangu si sahihi, mashine ndiyo sahihi. Nikasema kosa ni la mkono wangu na lina mwaka mzima. Nikasema pia kwamba nilijua tangu kabla ya chakula na nikala kwanza. Hilo la mwisho sikuwa nimepanga kulisema.

Nje jenereta ya jirani ilikohoa, ikazima.

"Ulikula nini?" akauliza.

"Matoke, daktari. Na maharage."

"Yote?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeandika kitu ndani ya kichwa chake. Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepumua. Akachukua simu akasimamisha kujaza. Halafu akapiga Gulu akasema gari haiji kesho. Halafu akanitazama.

"Hayo mengine manne, akiba yake iko?"

Nikasema iko. Kila toleo tunaweka chupa kadhaa kwenye friji ya akiba, kwa sababu ya siku kama hii ambayo kila mtu huomba isifike.

"Kesho saa mbili tunapima. Kama kuna moja imezidi, mimi naandika barua kwa hospitali na jina yako iko ndani."

Nikasema ndiyo.

"Ya kwangu pia iko ndani," akaongeza. "Mimi ndiye nilisema weka sahihi." Kisha akarudi kwenye karatasi zake, na tukaelewa kwamba tumeruhusiwa kwenda.

Dawa ya leo imeokoka. Ilikuwa bado kwenye tangi, kwa hiyo tuliiongezea maji ya chumvi kwa hesabu, kwa namba ya mashine, na kuiacha ichanganywe saa nzima. Saa kumi kasoro nikachukua sampuli, nikaiweka kwenye kikombe cha Bibi Harusi mwenyewe. Uzi ukashuka. Nukta zikapanda, safari hii kwa mwinuko mpole zaidi. Sabini kasoro kidogo.

Nikajaza fomu mpya. Aliyepima: mimi. Nikaisukuma kwa Nakato pamoja na kalamu. Kwa mazoea, nikawa tayari nimegeuka nikalete faili.

Hakuichukua kalamu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nataka kupima yangu."

Akafunika namba yangu kwa kipande cha karatasi. Akavaa glavu mpya. Akaenda tangini mwenyewe, akachukua sampuli yake mwenyewe, akaosha kikombe mara tatu ingawa alikuwa ameniona nikikiosha. Nikasimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama mzazi anayengoja nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alichukua muda wake. Watu wa kujaza walikuwa wanangoja kwa sababu yake, daktari alikuwa anangoja, mimi nilikuwa nangoja, na Nakato alikuwa anatazama nukta.

Sabini kasoro kidogo. Akaifunua yangu, akalinganisha. Ndipo akaweka sahihi yake ya duara.

Nilimshukuru. Akasema "Kale, ssebo," yaani haya, bwana, kama unavyomjibu mtu yeyote aliyekuletea karatasi. Si Mzee wange. Bwana tu. Nimelitafakari hilo njia nzima mpaka Kamwokya na sijaamua kama limeniuma.

Lakini ile friji haijaniondoka kichwani. Matoleo manne. Moja nalikumbuka, niliandika sitini na tisa na nikajipongeza. Nimelipigia hesabu mara mbili, kwa upungufu wa mkono wangu, na kila mara linatoka juu ya sabini na tano. Labda siku hiyo sikuwa na haraka. Labda simu iliita, nikangoja kidogo, dawa ikashuka yote. Siku hizi naomba Mungu kwa mambo ya ajabu.

Nakato ndiye atakayepima. Nimemwambia hivyo, na sitakuwa karibu na meza.

Jerusha amesimama mlangoni, ameuliza mara ya tatu kama naumwa. Nimemwambia avute kiti.